Wino na Penseli

Miaka michache iliyopita nilikaa siku mbili kwenye kikao cha kupanga kazi za afya za kata moja. Sitaitaja. Ukutani tulibandika karatasi kubwa, tukachora bangokitita: lengo, shughuli, mwezi, mhusika, gharama. Mstari mmoja ulisema kwamba huduma ya mkoba, yaani ile safari ya wauguzi kupeleka chanjo na mizani kwenye vijiji visivyo na zahanati, itafanyika katika vijiji vyote mwezi Aprili. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, akanyoosha mkono. Akasema, "Aprili kijiji cha ng'ambo hakifikiki. Mto unajaa kuanzia katikati ya Machi, na daraja hatuna." Mwezeshaji alimsikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa kukubali, kisha akasema tarehe zimeshapitishwa na waliotoa fedha. Akaandika Aprili, kwa kalamu nzito nyekundu.

Aprili ikafika na mto ukajaa. Taarifa ya robo mwaka ikaandikwa kwa lugha tunayoijua sote: shughuli haikutekelezwa kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Nilipoisoma sentensi ile niliumia. Mto ule ulikuwa umetajwa ndani ya chumba, kwa jina, na mtu aliyewahi kuusubiri upungue akiwa na chanjo mkononi.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali moja kila ninapoona mpango, uwe wa kikundi cha akiba na mikopo cha VICOBA au wa taifa zima. Humu ndani ni kipi kimeandikwa kwa wino, na ni kipi kimeandikwa kwa penseli? Na aliyechagua ni nani?

Usinielewe vibaya, msikilizaji. Sijaja hapa kusema mipango ni mibaya. Chanjo isiyopangwa huharibika. Inahitaji baridi kutoka bohari ya mkoa hadi mkono wa mtoto, na baridi haiji kwa nia njema. Mtu atakayekuambia kwamba kiongozi mwenye maono hahitaji ratiba, mwulize nani atanunua gesi ya jokofu. Wahenga walisema mipango si matumizi, nasi tumeuzoea msemo huo kama kicheko cha kujitetea fedha zikiisha. Mimi nausikia kama onyo. Kati ya kupanga na kutumia kuna kitu kinatokea, na kiongozi mzuri hukiandalia nafasi mapema.

Sasa naomba twende nyuma kidogo, kwa sababu nchi yetu ina somo la jambo hili ambalo hatulisomi vya kutosha, na redio hii unayoisikiliza imo ndani yake.

Mpango wa kwanza wa miaka mitano wa Tanganyika huru, ambao Muungano uliurithi, ulianza mwaka 1964. Ulikuwa mpango mzuri kwenye karatasi, ukiwa na makadirio hadi ya miaka mingi mbele. Lakini sehemu kubwa ya fedha za maendeleo za serikali ilitarajiwa kutoka nje. Mwaka 1965 tukatofautiana na Ujerumani Magharibi kuhusu ofisi ya Ujerumani Mashariki iliyokuwapo Zanzibar, na sehemu ya msaada wake ikakatika. Desemba mwaka huohuo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu haikuwazuia walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasimama. Dira haikuyumba: uhuru wetu hauuzwi. Mpango ndio uliobaki ukining'inia, kwa sababu kile tusichokimiliki, yaani mfuko wa mtu mwingine, tulikuwa tumekiandika kwa wino.

Nadhani Mwalimu Nyerere alilitafakari sana jambo hilo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa kuifanya fedha msingi wa maendeleo, na mwaka 1969, alipokuwa akiwasilisha mpango wa pili mbele ya mkutano mkuu wa TANU, chama tawala, hotuba yake ikajulikana kwa maneno matatu: kupanga ni kuchagua. Maneno hayo tumeyarudia hadi yamechakaa, lakini ukiyasikiliza upya ni mazito. Yanasema kila mstari unaouandika kwenye mpango umefuta mstari mwingine, na aliyefutiwa yupo, ana nyumba na ana watoto.

Mwaka huohuo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikafanya jaribio. Ikachukua maneno hayohayo, Kupanga ni Kuchagua, ikaandaa vipindi vya redio vya kuueleza mpango wa pili kwa wananchi waliokaa katika vikundi, wakasikiliza na kujadiliana. Lilikuwa jaribio dogo. Mwaka 1970 likafuata jingine kuhusu uchaguzi. Mwaka 1971, nchi ikitimiza miaka kumi ya uhuru, ikaja Wakati wa Furaha. Kila mara walitazama palipokwama, wakarekebisha, wakapanua. Halafu, mwaka 1973, wakawa tayari kwa kazi kubwa: Mtu ni Afya.

Wazee wengi wanaonisikiliza wanaikumbuka, na wengine naamini walikuwa viongozi wa vikundi. Kulikuwa na vikundi kama 75,000 nchi nzima. Watu walioshiriki walikadiriwa kufikia milioni mbili, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imehesabu watu zaidi kidogo ya milioni 12. Piga hesabu: ni wastani wa watu 27 hivi kwa kila kikundi, chini ya mwembe au darasani baada ya wanafunzi kuondoka, wakizungumza juu ya malaria, kuhara, safura, kichocho na maji wanayokunywa.

Hebu tazama walivyogawa wino na penseli.

Kwa wino waliandika mambo yaliyokuwa juu yao wenyewe. Saa za vipindi vya Radio Tanzania zilijulikana. Vitabu vilichapwa kwa Kiswahili chepesi, kwa sababu wengi walikuwa wametoka kujifunza kusoma juzi tu katika madarasa ya watu wazima. Viongozi wa vikundi walifundishwa ngazi kwa ngazi: waliofundishwa juu wakashuka kufundisha wa chini yao, hadi neno likafika kijijini. Ilihitajika kila wizara itimize sehemu yake kwa wakati. Kama kitabu kinafika baada ya kipindi, basi kipindi kimepotea. Na si kila mahali redio ilishika vizuri, wala si kila kikundi kilikuwa na betri, ndiyo maana kitabu na kiongozi aliyefundishwa walikuwa pale kubeba somo hata sauti ikikatika. Huo ndio mpango ninaouheshimu: unaojua mahali utakapovunjika na kuweka gogo pale mapema.

Kwa penseli waliandika uamuzi wa kikundi. Kipindi kilisikilizwa, kitabu kikasomwa, watu wakajadili, kisha wakaulizwa: ninyi hapa mtafanya nini? Kuna mahali walichimba vyoo. Pengine walifyeka nyasi na kufukia madimbwi kuzunguka nyumba, pengine walishughulikia kisima. Taasisi haikukaa Dar es Salaam kupanga kwamba kijiji fulani kianze na choo na kingine kianze na kisima. Haikuwa na uwezo wa kujua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu mengi, na waliovichimba walikuwa wamekaa na kukubaliana wenyewe kwamba kinyesi kilichotupwa ovyo ndicho kinachowarudia kwa njia ya nzi na maji.

Nimesema dira yao ilikuwa nini? Watu wawe na afya kwa akili na mikono yao wenyewe. Hiyo haikubadilika siku hata moja.

Sasa, msikilizaji, mwaka uleule wa 1973, serikali ileile, chama kilekile, na kwa kiasi kikubwa viongozi walewale. Septemba mkutano mkuu wa TANU uliamua kwamba watu wote wa vijijini waishi katika vijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Novemba, Mwalimu akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri.

Ili uone uzito wa neno hilo, kumbuka kwamba mwaka 1967, katika andiko lake la Ujamaa Vijijini, Mwalimu huyohuyo alisisitiza kuwa vijiji vya ujamaa haviwezi kujengwa kwa kulazimisha watu. Alikuwa na subira. Kufikia mwaka 1973 watu waliokuwa wakiishi katika vijiji hivyo walikuwa kama milioni mbili. Subira ikaisha. Kufikia mwaka 1977, katika taarifa yake ya miaka kumi ya Azimio, alihesabu zaidi ya watu milioni 13 wakiishi katika vijiji zaidi ya 7,000. Lengo lilitimia kabla hata muda haujapita sana, na kwa mizani ya bangokitita mstari ule ungewekwa tiki kubwa ya kijani.

Nazungumza jambo hili kwa uangalifu, kwa sababu nampenda Mwalimu na sitaki kuungana na wanaomsema vibaya kirahisi. Dira ya vijiji ilikuwa na haki ndani yake. Watu waliotawanyika porini huwezi kuwajengea shule wala zahanati wala kuwavutia bomba la maji. Shule nyingi ambamo wengi wetu tumesoma zilipatikana kwa sababu vijiji vilikuwapo. Naliamini hilo. Lakini kazi ya kuhamisha ilifanyika kwa wino mahali pasipo pake. Tarehe ilikuwa amri kwa mkulima. Umbali wa shamba lake, rutuba ya udongo wa huko anakopelekwa, mahali maji yanapopatikana wakati wa kiangazi, majira ya kupanda: hayo yote yaliachwa kwa penseli, na mara nyingi hayakuandikwa kabisa. Vijiji vikapangwa kwa mistari iliyonyooka kandokando ya barabara, kwa kuwa ndipo gari la ofisa lilipoweza kufika.

Rufiji walikuwa wameshaonja hayo mapema. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, watu wa bondeni walihamishiwa miinuko katika Operesheni Rufiji. Aliyetazama kutoka mbali aliona watu wanaoteswa na maji. Mrufiji aliyaona maji yaleyale yakishusha tope jipya lenye rutuba, na baada ya maji kupungua alilima mlau, yaani kilimo cha kwenye unyevu uliobaki. Alikuwa na dungu, kibanda chake cha juu ya nguzo, akalinda shamba huku maji yakipita chini. Maisha yake yalikuwa mpango uliokubali mto. Tulimpandisha mlimani, na wengi wakaendelea kushuka bondeni kulima, mwendo mrefu kila siku, wakiacha mazao mikononi mwa nguruwe na nyani usiku. Kila nikifikiria muuguzi wangu na mto wake wa Aprili, namkumbuka Mrufiji.

Kwa nini kazi moja ilisikia na nyingine haikusikia, mwaka mmoja, chini ya mikono ileile? Nimelifikiria sana hili, na jibu langu ni kwamba Mtu ni Afya ilijengewa masikio ndani yake. Kikundi chenyewe kilikuwa sikio. Uhamishaji ulifanyika wakati masikio yalikuwa yanakatwa: mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa, mamlaka yakapelekwa kwa watumishi wa mkoa na wilaya walioteuliwa kutoka juu, na mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa. Diwani ambaye angesema "hapo mnapowapeleka hakuna maji" hakuwapo tena. Aliyebaki ni mtumishi anayesubiri kupandishwa cheo, na mkuu wake ana tarehe. Mwalimu mwenyewe, miaka kadhaa baadaye, alikiri waziwazi kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Halmashauri zilirudi katikati ya miaka ya 1980.

Kuna uamuzi wa tatu wa mwaka 1973 nao niuguse kwa ufupi. Oktoba ya mwaka huo TANU iliamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma katika muda wa miaka kumi. Vita vya Kagera na uchumi ulioanguka vilivuruga ratiba hiyo. Lakini dira haikufutwa. Bunge likahamia, wizara zikabaki pwani, hadi mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia kweli, na mwaka 2018 sheria ikaithibitisha Dodoma kuwa makao makuu. Ni miaka 43 tangu uamuzi hadi tangazo lile. Watu husema hiyo ni aibu ya kuchelewa. Mimi naiona kama dira iliyostahimili mpango ulioshindwa, ingawa walioishi Dodoma kwenye viwanja vyenye migogoro miaka yote hiyo wana haki ya kuniambia kwamba kustahimili huko walikulipia wao.

Sasa tuje leo. Tanzania imeizindua Dira ya Maendeleo ya 2050, Kenya inakaribia mwisho wa Ruwaza yake ya 2030. Dira yetu iliyotangulia, ile ya 2025, ilianza mwaka 2000, na mpango wa kwanza wa miaka mitano wa kuitekeleza moja kwa moja ulianza mwaka wa fedha 2011/12. Katikati tulikuwa na MKUKUTA, mkakati wa kupunguza umaskini, nao ulifanya kazi yake. Bado, miaka kumi na zaidi ni muda mrefu kwa dira kutembea bila miguu yake. Anayesimamia dira mpya nadhani amelisoma hilo.

Hofu yangu iko chini zaidi, kwenye kata na kijiji. Huko tuna utaratibu mzuri wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambapo wananchi wanakaa na kutaja vipaumbele vyao. Nimehudhuria. Ni kazi nzuri sana inapofanywa kwa moyo. Kisha unakuja ukomo wa bajeti kutoka juu, na vipaumbele vya kijiji vinakatwa hadi viingie kwenye kisanduku. Naelewa kwamba fedha zina mwisho. Kinachonichoma ni mgawanyo wa wino. Mwananchi akichelewesha mchango wa nguvukazi, tarehe ni tarehe. Mabati yaliyoahidiwa na halmashauri yakichelewa miezi minane, mchakato unaendelea. Maboma ya madarasa na zahanati yaliyosimama bila paa katika mikoa yetu ni ushahidi wa mgawanyo huo. Watu walitimiza sehemu yao ya wino, na nyasi zimeota ndani ya kuta zao.

Na wapo viongozi wa upande mwingine, niwataje kwa haki. Hawa hawaandiki chochote. Kila ukiuliza, jibu ni tutaangalia mbele ya safari. Asubuhi moja kipaumbele ni mikorosho, wiki inayofuata ni ufugaji wa samaki, mwezi ukiisha ni bodaboda za vijana. Wanajiita wepesi wa kubadilika. Waliofanya kazi chini yao wanajua uchovu wake: hakuna anayethubutu kumaliza jambo, maana kabla hujamaliza limeshaachwa. Waandaaji wa Mtu ni Afya hawakuwa wepesi wa namna hiyo. Walijaribu mara tatu kwa udogo kabla ya kwenda nchi nzima. Kubadilika kwao kulitokea kati ya jaribio na jaribio, kwa kutazama kilichotokea, na siku kipindi kilipoanza kurushwa, ahadi zao hazikuguswa tena.

Wewe kiongozi unayenisikia, mwenyekiti wa kitongoji, mkuu wa shule, katibu wa chama cha msingi, mama mlezi wa kikundi: chukua mpango wako wa mwaka huu. Weka kidole kwenye kila mstari na ujiulize nani ataumia mstari huu ukikosea. Ukikuta wewe ndiye unayedaiwa, uandike kwa wino na usiufute. Ukikuta anayejua ukweli wa mstari huo ni mtu mwingine, mpe penseli yeye. Mpe na tarehe ya mwisho ya kuamua, kwa sababu penseli isiyo na tarehe nayo huzaa ubishi usiokwisha.

Yule muuguzi bado tunawasiliana. Mwaka uliofuata mwezeshaji alikuwa mwingine, kijana aliyewahi kufanya kazi zahanati. Kwenye safu ya lengo aliandika kwamba watoto wote walio kwenye rejista wapate chanjo zote za mwaka, na gari, mafuta na barafu viwe tayari muda wote. Kwenye safu ya mwezi hakuandika mwezi. Aliandika: kila kijiji kitachagua kabla ya tarehe 1 Februari.

Kijiji cha ng'ambo kilikaa chini ya mti wake, kikachagua wiki ya kwanza ya Machi. Mama aliniambia kwa simu kwamba maji yalikuwa bado magotini. Alivuka kwa miguu, kasha la chanjo begani, na akina mama walikuwa wamekwisha kupanga foleni upande wa pili.